Kioo Juu ya Ufa

Chumba namba 9, Bweni la Wasichana
3 Februari

Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mama pia, na wale kuku wake wasio na adabu. Mimi sijambo, ila miguu inaniuma, na sababu nitakueleza barua ijayo.

Tumehamishwa. Bweni letu la mwaka jana wamewapa wageni wa mwaka wa kwanza, sisi wa mwaka wa pili tumesukumwa kwenye jengo moja kuukuu nyuma ya maktaba. Wanasema zamani zilikuwa ofisi za maofisa wa reli. Chuo kimelinunua, wakapaka rangi ya maziwa, wakaingiza vitanda, wakasema haya, hili ni bweni. Lina ghorofa tatu na mimi niko ya pili. Nakaa na msichana mmoja anayesoma sheria. Jina lake hakuna anayelijua, wote tunamwita Wakili, kwa sababu hata ukimpa habari za asubuhi atakuuliza una ushahidi gani kwamba ni nzuri. Anapiga pasi hadi soksi. Nilidhani tutagombana ndani ya wiki, lakini sasa hata chai siinywi bila yeye.

Ngazi ya kwenda ghorofa ya tatu ina kipandio kimoja kifupi kuliko vingine, cha tano ukihesabu kutoka chini. Hakuna asiyejikwaa hapo. Tumekipa jina, Mtoza Ushuru, maana hupiti bila kuacha kitu: kidole, sahani, au heshima yako. Jana mhadhiri wetu wa mimea alikuja kutembelea, akamlipa Mtoza Ushuru miwani yake. Tulikaza midomo mpaka machozi yakatoka.

Ping-pong nimeacha. Najua unacheka. Kabla yake ilikuwa kwaya, na kabla ya kwaya gitaa, lakini safari hii nimepata kitu cha kweli. Kwenye uwa wa maktaba kuna chumba cha kutengeneza vitabu vilivyochakaa, na kuna mama mtu mzima humo tunamwita Mama Gundi. Ananifundisha kushona kurasa na kubandika majalada. Gundi anaipika mwenyewe kwenye sufuria, na siri yake ni kwamba ikikauka haiwi ngumu, inanyumbulika, ndiyo maana kitabu chake unakifungua mara elfu bila kuvunjika mgongo. Nikiwa mle ndani nasahau hata kama nina mitihani. Nadhani hiyo ndiyo furaha, au ni harufu ya gundi.

Juu ya kitanda changu kuna ufa. Unaanzia kwenye kona ya dari na kuteremka mpaka karibu na dirisha. Wakili anasema unafanana na saini ya mlevi. Nakuambia wewe kwa sababu ni mambo yako hayo, ya kuta.

Lini utakuja? Umeahidi tangu mwaka wa kwanza. Basi linaondoka huko saa kumi na mbili asubuhi, saa tisa alasiri uko hapa unakunywa chai. Barua yenyewe inachukua siku nne! Ningependa simu, lakini nyumbani hatuna, na hata tungekuwa nayo, tangu ile mashine ya kutoboa mawe ikuibie masikio ingekufaa nini. Basi andika. Mwandiko wako naupenda, umenyooka kama umepigiwa timazi.

Mwanao, kitinda mimba

*

Nyumbani
8 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua imefika. Mama yako ndiye aliyemkuta mtu wa posta mlangoni, kwa hiyo kaisoma kwanza, na kuku wamearifiwa ulivyowasema.

Mimi niko na kazi ya lipu kwa mwalimu mmoja mstaafu, nyumba ya vyumba vinne. Vijana wa siku hizi wanapaka lipu kama wanapaka siagi. Nawaambia lipu ni uso wa nyumba, mtu akiingia anaona uso. Wananiitikia, nami siwasikii, basi tunaelewana.

Ping-pong nimesikitika. Nilishaanza kukusifia kwa wenzangu.

Sasa nataka unijibu maswali, na usifanye mzaha. Kipandio hicho kifupi, una hakika ni cha tano? Pale ngazi inapokata kona, kuna dirisha la duara lenye vyuma vinne? Na juu ya chumba chenu kuna nini? Kuna bafu, au palikuwa na bafu?

Kuhusu ufa. Chukua penseli, weka alama pale unapoishia, andika tarehe pembeni. Kisha tafuta vipande viwili vya kioo chembamba, urefu wa kidole. Vibandike kukatiza ufa, kimoja juu, kimoja chini, kila kipande kikishika pande zote mbili. Ukuta ukitulia, kioo kinakaa. Ukuta ukisogea hata unene wa ukucha, kioo kinapasuka, kwa sababu kioo hakijui kuvumilia. Ndivyo tunavyofanya sisi mafundi. Siku utakayoona kimoja kimepasuka, usimuulize mtu. Beba godoro lako utoke, na mwenzako atoke.

Nakuambia haya kwa sababu ni mazoea yangu tu ya kazi. Usiwe na wasiwasi.

Kuja nitakuja. Kazi hii ya mwalimu ikiisha.

Baba yako

*

Chumba namba 9
14 Februari

Baba,

Shikamoo. Umejuaje? Ni cha tano, nimekihesabu mara tatu, na Wakili kama shahidi. Na dirisha la duara lipo, na vyuma ni vinne! Nimewasomea wasichana wa chumba namba kumi barua yako, mmoja akasema baba yako ni fundi au mganga? Nikasema ni vyote, mletee mguu wako akupigie lipu.

Juu yetu palikuwa na bafu. Wameng'oa mabeseni na mabomba, wanapafanya ghala la vitabu, maana maktaba imejaa mpaka vitabu vinalala sakafuni. Na hiyo ndiyo sababu ya miguu yangu. Kila siku baada ya vipindi tunajipanga ngazini, wasichana thelathini, tunapokezana. Vibaya zaidi ni magazeti ya zamani yaliyojalidiwa, kila jalada zito kama mtoto aliyelala. Tunaimba tukipandisha. Wakili hapandishi, anasema hakuna kifungu cha sheria kinachomlazimisha, lakini anatuletea maji.

Nimefanya ulivyosema. Vioo nimevipata maabara, vile vyembamba tunavyowekea vitu chini ya hadubini, walivyovitupa kwa sababu vina mikwaruzo. Nimevibandika vizuri hasa, baba. Nilisugua ukuta kwanza, nikafuta vumbi, nikavishikilia kwa kidole mpaka vikashika. Hakuna povu, hakuna kupinda. Ungekuwepo ungeniajiri. Sasa kila asubuhi kabla ya kupiga mswaki navitazama, na kila asubuhi ni vizima.

Somo la kemia linanishinda kidogo. Mengine yanaenda.

Wakili anataka kalamu.

*Mzee wangu, shikamoo. Mimi ndiye mlalamikaji wa kitanda cha pili. Mwanao anasema vioo hivi ndivyo vitakavyotuambia. Mimi nikisikia shahidi ni mmoja tu huwa silali vizuri. Shangazi yangu anakaa mjini hapa, amesema nikitaka nihamie kwake, ila kwake kuna watoto sita na televisheni. Naomba uamuzi wako, nikae au niende? Nitatii. Wakili.*

Unaona anavyoandika? Hata salamu anaifanya kesi.

Mwanao

*

Nyumbani
19 Februari

Mwanangu,

Marahaba, na Wakili pia marahaba yake.

Usishangae kuhusu ngazi na dirisha. Majengo yale ya reli yote yalichorwa na mkono mmoja. Ukiona moja umeona yote.

Barua yako nimeisoma mara nne. Nilipofika pale uliposema vioo ni vizima, nilikaa kwenye mfuko wa saruji nikapumua. Nilikuwa nimeanza kukuandikia barua nyingine, ndefu, kabla hii yako haijafika. Nimeichana. Hakuna haja tena. Kioo hakidanganyi, mwanangu. Miaka yote hii ya kazi sijaona ukuta ukisogea na kioo kikabaki.

Mwambie Wakili asiwe na wasiwasi. Kioo kikiwa kizima, akae. Watoto sita na televisheni si mahali pa kusomea.

Hata hivyo ukiweza kubadilisha chumba, badilisha. Si kwa lolote, kwa ajili ya vumbi tu la hivyo vitabu. Na waambie wasirundike vitabu katikati ya chumba, waviweke pembeni, kwenye kuta. Wakikuuliza kwa nini, sema baba yako ni mzee msumbufu.

Jambo lingine. Mchana, wakiwa wanafanya kazi huko juu, weka kiganja chako ukutani. Masikio yakiondoka mtu hujifunza kusikia kwa mkono. Uniambie umesikia nini.

Mama yako anakutumia sweta. Ni la kijani. Livae hata kama hulipendi.

Baba yako

*

Chumba namba 9
25 Februari

Baba,

Shikamoo. Fupi tu leo, sina moyo.

Sijui nina nini. Kemia nimefeli jaribio la pili. Naamka nimechoka. Chumba chenyewe kimekuwa na hasira: mlango haufungi, seremala wa chuo ameuranda Jumatatu ya wiki iliyopita, ukafunga, Alhamisi umekataa tena. Kila mchana nikirudi nakuta unga mweupe juu ya kitanda, juu ya daftari, hata ndani ya kikombe. Wakili anasema ni ukuta unajipodoa. Nilicheka lakini baadaye nikajisikia kulia, bila sababu.

Mahali pekee ninapopumua ni kwa Mama Gundi. Ananipa kazi, haniulizi kitu.

Vioo ni vizima. Sweta limefika. Ni la kijani kweli.

Mwanao

*

Chumba namba 9
8 Machi

Baba,

Shikamoo. Hujanijibu ile fupi, au barua imepotea, au umenikasirikia kwa ajili ya kemia. Nisamehe. Moyo umetulia sasa, jaribio la tatu nimepita, siyo kwa kishindo lakini nimepita.

Nimeweka kiganja ukutani kama ulivyosema. Wakisukuma toroli huko juu ukuta unatetemeka kidogo, kama paka anaponguruma ukimshika. Toroli likisimama na wenyewe unanyamaza. Halafu kuna wakati toroli limesimama na ukuta bado unanguruma. Hiyo ni kawaida?

Habari kubwa ni kwamba umekuwa maarufu. Wasichana wa chumba namba kumi walienda kulalamika kwa mlezi wa bweni, kwamba dirisha lao limejipinda na limekataa kufunguka. Mlezi akaja na fundi wa chuo. Wakakagua huko, wakaja na kwetu. Nikawaonyesha vioo vyako, nikaeleza yote, kioo hakijui kuvumilia, na kadhalika, kwa sauti yako kabisa. Yule fundi akavigonga kwa ukucha, akasema huyu mzee anajua kazi, kama vioo ni vizima hivi jengo limetulia. Mlezi akaandika kwenye faili lake na malalamiko yakafungwa. Wa chumba namba kumi wameninunia lakini yatapita.

Wakili naye alikuwa ameshafungasha. Kweli, sanduku lilikuwa mlangoni, na viatu juu yake. Alisema ushahidi wa mlango na unga na dirisha ni watu watatu, na kioo ni mtu mmoja. Nikamtolea barua yako, nikamsomea pale uliposema asiwe na wasiwasi, akae. Akafikiri sana. Akasema haya, alitaka uamuzi wa mzee na uamuzi umetolewa. Akarudisha nguo kabatini, moja moja, na kila moja akaipiga pasi upya. Nilifurahi mno, baba. Bila yeye ningekuwa mpweke humu.

Jambo dogo. Ufa umepita alama ya penseli, kama shubiri moja. Nadhani ni rangi tu inayobanduka, kwa sababu kioo kimekaa. Ila kile cha juu kimekaa upande kidogo, kama mtu aliyegeuka usingizini, na nikikisukuma kwa kidole kinabonyea kisha kinarudi. Lakini hakijapasuka hata mstari mmoja! Hapo nimpongeze Mama Gundi. Nilitumia gundi yake, ile ya mgongo wa kitabu. Ni kiboko, inavutika bila kuachia.

Jumamosi tunapandisha vitabu vya mwisho, kisha ghala linafunguliwa rasmi, mkuu wa chuo atakuja. Tutamwonya kuhusu Mtoza Ushuru.

Mwanao

*

Nyumbani
12 Machi

Mwanangu,

Toka.

Acha kusoma hapa kwanza, toka, kisha utasoma mengine ukiwa nje. Wewe, na Wakili, na wa namba kumi, na wote. Usibebe godoro. Usibebe kitu.

Kioo kinabandikwa kwa saruji. Kwa saruji tu. Inashika kioo mpaka kioo na ukuta vinakuwa kitu kimoja, ndipo ukuta ukisogea kioo hakina la kufanya ila kupasuka. Hiyo gundi yako inavutika. Ukuta umesogea na kioo kimesogea nao. Tangu siku ya kwanza hakijakuambia chochote. Sikukuambia saruji kwa sababu tangu nikiwa kibarua sijaona mtu akibandika kioo ukutani kwa kitu kingine. Sikujua kwamba kuna la kukuambia.

Sasa nisikilize. Majengo ya reli hayakuchorwa na mkono mmoja. Nililijua jengo lako kwa sababu nimelijenga. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita. Kipandio cha tano ni changu, nilikosea kipimo, tulicheka wote.

Ghorofa ya tatu tulimwaga zege, na baada ya kukauka tukagundua tumesahau nafasi ya bomba la choo. Mkaguzi alikuwa anakuja kesho yake. Msimamizi akaniambia nitoboe boriti. Nikamwambia ndani kuna nondo, vyuma vinavyobeba uzito. Akasema kata, hapa watakaa makarani na meza zao, itabeba tu. Boriti ile ina nondo nne chini. Mimi nilikata mbili. Nikapitisha bomba, nikaziba, nikapiga lipu siku hiyohiyo. Mkaguzi alipita, akaisugua kwa kiganja, akasema safi sana, nani kapiga hii? Wakanionyesha mimi. Nilifurahi, mwanangu. Nilienda nyumbani nikamwambia mama yako nimesifiwa.

Boriti hiyo iko juu ya kitanda chako.

Uliposema kipandio kifupi, nilijua. Nilikuuliza maswali nikiomba unijibu hapana. Kisha kioo kikakaa, nami nikajiambia Mungu amenisamehe, nikachana barua. Na ile fupi uliyolia ndani yake niliipata. Mlango unaokataa kufunga, unga mweupe, nilijua ni nini. Nilishindwa nikujibu nini, nikasema kioo ni kizima, kioo ni kizima, nikairudisha kwenye bahasha.

Mlezi mwonyeshe barua hii. Yote. Hata jina langu akilitaka, limo kwenye vitabu vya reli.

Barua hii naipeleka posta sasa hivi, nitalipia ya haraka, wamesema siku tatu au nne. Ningepanda basi, lakini hapa nimepiga lipu leo asubuhi, kuta mbili, haiwezi kuachwa ikakauka ovyo bila mtu wa kuimwagia maji. Nitakuja wiki ijayo.

Nisamehe.

Baba yako

*

Chumba cha Mama Gundi, uwa wa maktaba
19 Machi

Baba,

Barua yako ilinifikia Jumatatu. Aliyeniletea alinitafuta sana, kwa sababu anwani haipo tena.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne na robo asubuhi. Nilikuwa hapa, nimekuja kurudisha sufuria. Mama Gundi aliniambia nikoroge kidogo kabla sijaenda. Nikakoroga. Hicho ndicho nilichofanya mimi.

Wasichana sita. Watano walikuwa ngazini na vitabu. Wakili alikuwa kitandani kwake anasoma, kwa sababu hakuna kifungu kilichomlazimisha kupandisha vitabu. Waliokuwa wanafukua walimfikia Jumapili mchana. Mkuu wa chuo alikuwa amechelewa, kwa hiyo mkuu wa chuo ni mzima.

Wa chumba namba kumi walikuwa kwenye kipindi. Wamekuja kunitazama.

Mama yake Wakili amekuja kuchukua vitu vya mwanawe. Sanduku lilipatikana, halikuvunjika hata bawaba. Alilifungua mbele yangu, lilikuwa tupu. Akaniuliza, mwanangu, alikuwa ameniandikia kwamba ameshafungasha, nguo ziko wapi? Nikamwambia alizirudisha kabatini. Akaniuliza kwa nini. Baba, nilimwambia. Nilimwambia mimi ndiye niliyemsomea barua. Hakunipiga. Alifunga sanduku, akakaa juu yake.

Sikulaumu kwa gundi. Gundi ni yangu na nitakaa nayo. Wala sikulaumu sana kwa nondo, ulikuwa mdogo kuliko wahadhiri wetu, na mtu alikuamuru. Nimejaribu kukulaumu kwa zile nondo nimeshindwa.

Lakini nimehesabu, baba. Umenifundisha mwenyewe kupima mara mbili. Barua yangu uliipata tarehe kumi na mbili, Alhamisi. Basi la Ijumaa linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Saa tisa alasiri ya Ijumaa ungekuwa umesimama uwani hapa. Usingehitaji kusikia neno la mtu. Ungepiga kelele tu, na sisi wote tungetoka kutazama ni mzee gani huyu. Wakili angekuwa wa kwanza, angekudai ushahidi.

Ulijua kwamba barua ni siku nne na basi ni siku moja. Mimi ndiye niliyekuandikia hivyo, ile barua ya kwanza. Ukachagua posta. Ukasema kuna lipu mbichi. Siyo lipu, baba. Ulitaka niyasome ukiwa mbali, usinione usoni nikiyasoma.

Kamati ya uchunguzi imeanza. Waliuliza nani aliweka vioo vile, nikasema mimi. Waliuliza nani alinifundisha, nikasema baba yangu, ni fundi. Wakauliza kama baba yangu anajua lolote kuhusu jengo lenyewe. Barua yako ilikuwa mfukoni mwangu, ndani ya sweta la kijani. Nikasema mwulizeni mwenyewe, atakuja.

Sitaisoma mbele yao kwa niaba yako. Nimeshasoma barua zako za kutosha mbele za watu.

Wanakaa tena Jumatano, saa tatu asubuhi, chumba cha mikutano kilicho kando ya maktaba. Najua huwasikii. Nitakaa karibu yako na daftari, kila swali nitakuandikia, kwa herufi kubwa, na nitasubiri usome. Utajibu kwa mdomo wako. Mama yake Wakili atakuwepo, amesema haondoki mpaka amsikie huyo mzee aliyetoa uamuzi.

Usijibu barua hii. Panda basi.

Mwanao